Wakili Bingwa Hupatikanaje?

Katika muhula huu nimeona yafaa niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Sola hatulifikirii mpaka siku tunapofikwa na shauri. Jambo lenyewe ni mawakili: namna mtu anavyokuwa wakili, na zaidi ya hayo, namna wakili anavyokuwa bingwa wa aina moja ya sheria. Nimelichagua kwa sababu limeigusa nyumba yetu, na kutojua kwetu kulitugharimu shamba.

Mtu akiugua macho, hampeleki mgonjwa wake kwa daktari wa meno. Twajua kwamba pale Bugando, Mwanza, wako madaktari wa mifupa, wa watoto, wa moyo, na kila mmoja ana cheti cha ubingwa wake, tena jina lake limeandikwa na Baraza la Madaktari. Lakini mtu akiwa na shauri la ardhi humwendea yeyote aliyevaa koti jeusi, au hata yule aliyeshika mkoba tu. Kwa nini tunakuwa waangalifu juu ya mwili na wazembe juu ya mali? Nadhani ni kwa sababu hatujafundishwa.

Nitasimulia kwanza yaliyompata babu yangu. Alikuwa na ekari nane za pamba na mtama, na jirani mmoja alidai nne. Shauri lilisikilizwa na baraza la ardhi, na tarehe 4 Machi 2019 Babu alishindwa. Siku ile ile aliomba nakala ya hukumu, akaipata tarehe 26 Machi. Hukumu ya baraza la ardhi la wilaya hukatiwa rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Babu hakuijua hesabu hiyo, ila alijua kwamba rufaa ipo.

Akaelekezwa kwa bwana mmoja mjini, mwenye meza, mhuri na maneno mengi. Watu walimwita wakili, naye hakukanusha. Babu aliuza mafahali wawili mnadani, akalipa. Bwana yule aliandika karatasi na kuipeleka mahakamani tarehe 2 Mei, kisha akamwambia Babu arudi nyumbani alime, shauri linaendelea. Babu alilima. Kumbe mwezi wa Septemba karatasi ile ilitupwa, kwa kuwa iliandaliwa na mtu asiye wakili. Hakuna aliyemwambia. Kila alipouliza alijibiwa kwamba faili liko kwa jaji. Mwezi wa Februari 2020 jirani alikuja na amri ya kukabidhiwa ekari nne, na hapo ndipo Babu alipojua kwamba hana rufaa.

Tukamtafuta wakili wa kweli. Mzee yule alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee mwenzangu, kazi yangu ya miaka yote ni mashauri ya jinai. Nikichukua fedha zako kwa jambo la ardhi nitakuwa nakuibia mara ya pili. Nenda kwa mama fulani, yeye amezeekea katika ardhi." Mama yule, tulipofika kwake, hakuuliza mpaka uko wapi wala nani alilima kwanza. Aliuliza tarehe tatu tu: hukumu ilitoka lini, nakala mliipata lini, karatasi ilipelekwa lini. Akahesabu kwa kalamu. Siku 45 tangu tarehe 4 Machi ziliisha tarehe 18 Aprili. Lakini sheria ya ukomo wa muda huziondoa katika hesabu zile siku za kungojea nakala. Basi kwa Babu muda uliisha tarehe 10 Mei, na tarehe 2 Mei alikuwa bado ndani ya muda. Kama karatasi ile ingeandikwa na wakili anayeijua kanuni hiyo, rufaa ingesikilizwa.

Aliomba Mahakama iongeze muda. Lakini katika maombi ya namna hiyo mwombaji hupaswa kueleza kila siku aliyochelewa, na sisi hatukuwa na la kueleza juu ya miezi mitano, toka Septemba hata Februari, ila kwamba tulidanganywa. Maombi yalikataliwa. Ekari nne zilikwenda. Jirani yetu simlaumu, maana huenda haki ilikuwa yake. Ninachosikitikia ni kwamba hoja ya Babu haikusikilizwa kamwe.

Tangu siku ile nilitaka kujua: watu hawa wawili, yule mzee wa jinai na yule mama wa ardhi, walikuwaje hivyo? Nani aliwapa ubingwa? Nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza yatupasa tujue njia ya kuwa wakili. Zamani katika Afrika Mashariki hapakuwa na chuo cha kufundisha sheria kwa shahada. Aliyetaka alikwenda ng'ambo, aghalabu Uingereza. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wanafunzi walikuwa wachache kuliko mkondo mmoja wa kidato cha kwanza. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa kitivo hicho alikuwemo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Wasichana wenzangu, jina hilo mlikumbuke.

Siku hizi mwanafunzi akifaulu kidato cha sita husoma shahada ya sheria kwa miaka mitatu au minne katika chuo kikuu. Akimaliza huitwa mwanasheria, wala bado si wakili. Tofauti hii ni kubwa, na wengi hudanganywa hapa. Baada ya shahada huingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Huko hufundishwa kazi yenyewe: kuandika hati, kuhoji shahidi, kutunza fedha za mteja, kisha hupelekwa mahakamani na katika ofisi za mawakili kujifunza kwa kutenda. Mitihani yake si mchezo. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipotoka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dakta Harrison Mwakyembe ili kuchunguza sababu.

Aliyevuka hapo huomba kwa Jaji Mkuu. Baraza la Elimu ya Sheria likiridhika, huapishwa, na jina lake huandikwa katika Daftari la Mawakili pamoja na namba yake. Huingia katika Chama cha Mawakili Tanganyika, ambacho kiliundwa kwa sheria mwaka 1954. Hata hivyo kazi haijaisha. Kila mwaka lazima ahuishe leseni yake, na lazima ahudhurie mafunzo ya kuendelea, kwa maana sheria hubadilika na aliyelala huachwa. Upande wa Zanzibar mambo ni mengine: wana Jaji Mkuu wao, mahakama zao na chama chao cha mawakili. Tena wanao makadhi, ambao ni mabingwa wa kweli wa ndoa, talaka na mirathi ya Kiislamu.

Sasa twafika kwenye swali letu. Wakili akishaapishwa Tanzania Bara, sheria humruhusu kuchukua shauri lolote: la mauaji, la kodi, la talaka, la kiwanja. Hapana cheti cha serikali kimwambiacho mtu, "Huyu ni wakili bingwa wa ardhi." Sheria yetu ya mawakili haina daftari la namna hiyo. Hivyo ubingwa wa kwetu hupatikana kwa njia nyingine, nami nimeziona nne.

Njia ya kwanza ni masomo ya juu. Wakili hurudi chuo kikuu akasoma shahada ya uzamili katika tawi moja, kama sheria ya biashara, ya mazingira au ya kodi. Wengine huendelea hadi udaktari wa falsafa. Masomo humpa mtu mizizi ya jambo, lakini peke yake hayatoshi. Aliyesoma kuogelea kitabuni bado hajaingia majini.

Njia ya pili ni mahakama zenyewe. Mahakama Kuu yetu imegawanya kazi zake. Mwaka 1999 ilianzishwa Divisheni ya Biashara. Zikaja za Ardhi na Kazi. Na mwaka 2016 ikawekwa ile ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Kila divisheni ina mambo yake na kanuni zake. Wakili anayesimama miaka kumi mbele ya majaji wa ardhi huzijua tarehe, fomu na hukumu za nyuma kama mchungaji ajuavyo ng'ombe wake, bila kuhesabu. Hivi ndivyo yule mama alivyopata ubingwa wake. Hakupewa na mtu, aliupata kwa mashauri aliyoshinda na yale aliyoshindwa.

Njia ya tatu ni vyeti vya kazi jirani na sheria. Zipo kazi ambazo wakili hawezi kuzifanya kwa uwakili peke yake. Anayetaka kuwa mshauri wa kodi husajiliwa na Mamlaka ya Mapato. Anayetaka kuwa msuluhishi au mwamuzi wa migogoro nje ya mahakama huomba ithibati kwa utaratibu uliotokana na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Wako pia mawakili waliofanya mitihani ya uhasibu ya bodi, na hao makampuni huwagombania. Katika njia hii ndipo twaona cheti chenyewe, kilichoandikwa na kupigwa mhuri, lakini ni cheti cha ile kazi nyingine.

Njia ya nne ni utumishi wa Serikali. Mwaka 2018 kazi za wanasheria wa Serikali ziligawanywa. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilibaki na kushauri, kuandika miswada na kukagua mikataba; mashauri ya madai yakapelekwa kwa Wakili Mkuu wa Serikali; na mashtaka ya jinai yakawekwa chini ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kijana akiajiriwa katika moja ya ofisi hizi hufanya kazi ya aina moja kila siku, naye baada ya miaka huwa fundi wake. Mwandishi wa sheria, kwa mfano, ni fundi wa maneno, kwa kuwa koma moja ikikaa pasipo pake yaweza kuzua kesi nchi nzima.

Labda msomaji atauliza, je, wenzetu wa nchi nyingine hufanyaje? Kenya wanayo heshima ya Wakili Mwandamizi. Hutolewa na Rais kwa mawakili waliofanya kazi miaka 15 au zaidi na wakapendekezwa na kamati. Lakini hiyo ni heshima ya ukongwe na mwenendo mwema, wala haimwambii mteja kwamba mtu huyu ni bingwa wa ardhi au wa kodi. Uingereza nako wana mawakili wa Mfalme, kwa maana iyo hiyo.

Mahali palipo na cheti hasa cha ubingwa ni Marekani. Jimbo la California lilianza katika miaka ya 1970, na Texas ikaunda bodi yake mwaka 1974. Utaratibu wa Texas ni huu. Wakili lazima awe amefanya kazi miaka mitano au zaidi. Lazima aonyeshe kwamba kwa miaka mitatu sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa katika tawi analoliomba, na ataje mashauri aliyoyaendesha. Majaji na mawakili wenzake, hata wale aliopambana nao mahakamani, huulizwa juu ya uwezo wake. Kisha hufanya mtihani wa tawi hilo. Akifaulu hupewa cheti, lakini si cha maisha. Kila baada ya miaka mitano hukaguliwa tena. Napenda hasa lile la kuwauliza wapinzani wake. Mtu aweza kumdanganya mteja, lakini ni vigumu kumdanganya aliyeshindana naye.

Huko pia palizuka ubishi. Wakili mmoja wa jimbo la Illinois, Gary Peel, aliandika juu ya barua zake kwamba amethibitishwa kuwa bingwa wa uendeshaji wa kesi na bodi moja ya taifa. Wakuu wa uwakili wa jimbo lake walimwadhibu, wakisema anawapoteza watu. Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1990 ikaamua kwamba Peel asiadhibiwe, kwa kuwa alichoandika kilikuwa kweli na bodi ile ilikuwepo kweli. Funzo lake ni kwamba mtu aruhusiwe kutaja cheti chake, bali cheti kiwe na maana na kiweze kuchunguzwa.

Je, nasi tuanzishe vyeti vya namna hii? Nimelifikiri jambo hili kwa pande zote mbili. Upande mmoja, Babu angeliona jina katika daftari la mabingwa wa ardhi, asingeuza mafahali wake bure. Upande wa pili, mawakili wengi hukaa mijini. Katika wilaya za mbali wakili ni kama mganga wa zahanati, hupokea homa, jipu na mwanamke mjamzito siku moja. Tukisema ardhi isiguswe ila na mwenye cheti, basi watu wa vijijini watasafiri mbali zaidi na kulipa zaidi, au watarudi kwa vishoka. Maoni yangu ni kwamba cheti kiwepo kwa mwenye kukitaka, kimwonyeshe mteja njia, lakini kisimzuie wakili wa kawaida kufanya kazi yake. Mzee yule wa jinai hakuhitaji sheria ya kumkataza kuchukua shauri letu. Alizuiwa na dhamiri yake. Natamani mawakili wote wangekuwa kama yeye, lakini haifai kuutegemea wema wa mtu peke yake.

Wakati tukingoja hayo, nawapa wazazi wetu mashauri machache ambayo nyumba yetu iliyalipia kwa ekari nne.

Kabla ya kulipa hata senti, uliza jina kamili na namba ya uwakili, kisha lichunguze jina hilo. Mahakama ina mfumo katika mtandao uitwao e-Wakili, na mtoto yeyote wa sekondari mwenye simu aweza kukusaidia kumtafuta mtu humo. Kama jina halipo, au leseni haijahuishwa, ondoka. Ni kosa la jinai kwa asiye wakili kuandaa hati za mahakama kwa malipo.

Ukisharidhika kwamba ni wakili, usione haya kumwuliza, "Mashauri mangapi ya namna hii umeyaendesha? Katika mahakama ipi?" Bingwa wa kweli hachukii swali hilo. Tena msikilize anavyokuuliza. Anayejua kazi huanza na tarehe na karatasi, na asiyejua huanza na ahadi ya ushindi.

Dai risiti, na uweke nakala ya kila karatasi. Siku ya hukumu omba nakala siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na uandike tarehe uliyoipata. Wala usikae nyumbani ukingoja habari. Nenda mwenyewe kwa karani wa mahakama ukaulize faili limefika wapi. Kama Babu angekwenda mwezi wa Oktoba, pengine mama yule angepata la kusema.

Kama huna fedha, usikimbilie kishoka. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wako watoaji wa msaada waliosajiliwa, na wasaidizi wa kisheria katika wilaya, ambao hukuelekeza bila malipo. Msaidizi huyo si wakili na hawezi kukusimamia mahakamani, lakini aweza kukuambia shauri lako ni la namna gani na uende wapi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, nayo ilipeleka wanasheria mikoani kuwasikiliza watu.

Mwisho nasema na wanafunzi wenzangu. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama katika nchi yetu. Maneno yaliyomfungia Babu mlango zamani yalikuwa ya Kiingereza. Sasa twaweza kuyasoma wenyewe. Anayetaka uwakili asiidharau historia, wala lugha zote mbili, wala hesabu, maana mmeona jinsi shauri zima lilivyosimama juu ya kuhesabu siku 45. Na yule atakayefika huko achague tawi lake mapema, alishike, alijue, na awe tayari kumwambia mteja, "Hili silijui, nenda kwa fulani." Ubingwa huanza pale mtu anapoijua mipaka ya ujuzi wake.

Babu bado yu hai, na analima ekari nne zilizobaki. Kila nikirudi likizo huniuliza kama nimeshakuwa wakili. Humwambia, "Bado, Babu, miaka ni mingi." Naye hujibu, "Haidhuru, ila usiwe wa mashauri yote. Uwe wa mashamba."

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano